Kuku Aliyepita Ukaguzi

Nyumbani kwa mama,
Jumapili, tarehe 13 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na mwanenu, ambaye mimi na mama tunamjua kwa picha za simu tu, ameshaota meno ya mbele? Natumaini nyote mko wazima na baridi ya huko haijawazidi nguvu. Sisi huku tu wazima, kama uzima ni kuamka na kutembea. Mama miguu bado inamvimba, wa kulia zaidi kuliko wa kushoto, ila dawa anameza na usiku analala. Mimi sijambo. Mgongo unanisumbua kidogo, na hilo si la ajabu kwa mtu anayeshinda ameinamia meza za watu.

Shangazi anaendelea vizuri. Amewekewa meno ya bandia mwezi uliopita na sasa anacheka hata pasipo na cha kuchekesha, ilimradi watu wayaone. Paa la chumba cha nyuma tumeliziba, halivuji tena. Hizo ndizo habari njema, nimezimaliza.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Nimekupigia simu mara sita tangu mwezi wa nane uanze. Inaita, inaita, kisha inakatwa. Ya mama unapokea, kwa hiyo najua simu ni nzima na vidole ni vizima. Barua hii nampa mhudumu mmoja wa ndege anayekuja huko kwenu kesho, ameniahidi ataitia posta akishatua. Nimemhimiza ifike mapema, na utaona sababu.

Kuzunguka mbuyu sijui, unanijua. Adabu ya barua nimeshaitimiza, sasa nakaa sawa.

Mwezi wa saba ulimpigia mama ukamwambia unapita hapa, Alhamisi ya tarehe tisa. Ukasema ni dakika hamsini tu, unashuka ndege hii unapanda ile, hata mate hutayameza. Mama hakusikia habari ya dakika. Alichosikia ni kwamba mwanawe atapita na njaa. Wewe ndiye uliyemtia hofu hiyo, miaka ile ulipokuwa ukimsimulia kwamba kuku wa ndegeni ni kama sponji ya kuoshea vyombo na mkate wake ungeweza kuvunjia kokoto. Ulikuwa unatania, kinywa chako nakijua. Yeye aliyachukua kama maneno ya daktari. Halafu na yeye ana lake: anaamini chakula ukikila ukiwa juu hakishuki tumboni, kinaelea, ndiyo maana watu wanateremka kwenye ndege nyuso zimewaporomoka. Nimemweleza mpaka nimechoka. Ameniuliza mimi ndege nimeipanda lini hata nijue. Hapo alinipata. Miaka kumi na mmoja nafanya kazi uwanja wa ndege na sijawahi kuona ndege kwa ndani.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu ikoje, basi leo nitakusimulia bila kuulizwa. Nafuta meza kwenye ukumbi wa kulia chakula, ndani kabisa, ng'ambo ya ukaguzi, pale abiria wanaposubiri. Meza zangu ni kuanzia ya kumi hadi ya ishirini na nne. Nakusanya trei, namwaga mabaki, nafuta, narudisha kiti mahali pake. Navaa sare ya bluu, kofia inayofunika nywele zote, barakoa na glavu. Ningekuwa na mtoto wa kumzaa mwenyewe, angepita pale akaniuliza choo kiko wapi.

Ukikaa humo siku nyingi unaona jinsi watu wanavyokula wakiwa safarini, na nikwambie, haipendezi. Mtu mzima na tai yake anakula chipsi saa moja asubuhi kwa kuwa tumbo lake bado liko kwenye saa za nchi nyingine. Mwingine hana njaa kabisa, anakula kwa sababu amechoka kukaa. Wapo wanaoagiza sahani iliyojaa, wanaidonoa mara mbili, ndege yao inatangazwa, wanakimbia wameacha uma umesimama kwenye nyama. Na wapo akina mama wanaojibanza nyuma ya nguzo, wanafunua karatasi ya aluminiamu, wanamega mkate waliotoka nao nyumbani huku wanaangalia huku na huko utafikiri wameuiba. Hao ndio ninaowapenda. Meza zao nazifuta polepole ili wasiondoshwe.

Kuna jambo la kazi ambalo abiria hawalijui. Msimamizi wetu ametufundisha kusoma pasi za kupandia ndege. Karibu kila mtu anaiweka mezani, chini ya kikombe au kando ya simu. Unapita na kitambaa chako, jicho linaangukia kwenye saa. Kama ndege yake iko karibu, unaondoa trei mapema ili mwenye njaa mwingine akae. Kama bado ana muda mrefu, unamwacha, huenda akaagiza tena. Ila kuzungumza naye, hapana, mpaka yeye aanze. Ukimwanza abiria unaandikwa, na ukiandikwa mara tatu unarudisha sare.

Sheria nyingine ni ya chakula chetu wenyewe. Kuingia, mfanyakazi anaruhusiwa chakula chake cha mchana kwenye bakuli la plastiki linaloonyesha kilichomo, na kisiwe na mchuzi wa kumwagika. Kutoka, haruhusiwi na chakula hata punje, kwa kuwa wanaogopa tutachota cha mgahawa. Jioni wanatukagua. Bakuli linatoka tupu au halitoki.

Basi mama aliposikia unapita akasema hakuna shida, dada yako yuko humo humo ndani, atakuletea. Nawe ulikubali. Ulisema sawa mama, dada akiniona anipe. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, simu iko kwenye spika.

Jumatano akaenda kununua kuku mwenyewe, hakutaka nimchagulie. Alhamisi aliamka alfajiri na miguu yake ile, akakaa kwenye kigoda mbele ya jiko. Nikamkumbusha kwamba mchuzi hauruhusiwi. Akafikiri kidogo, akatafuta njia: akamkaanga kwanza, akamrudisha kwenye nyanya na vitunguu, akamwacha kwenye moto mdogo mpaka mchuzi wote ukaishika nyama, halitoki tone hata uligeuze bakuli juu chini. Akakutengea mapaja yote mawili na kidari. Wali akaupika wa kuchambuka punje punje. Mimi nilikunywa chai kavu, sikuonja hata shingo. Kisha akafunga bakuli, akalizungushia kitambaa, akaniagiza nikusimamie ule mbele yangu, usije ukasema utakula ukishapanda, maana huko juu hakitashuka.

Pale kwenye mashine ya ukaguzi alikuwa zamu yule askari tunayemwita Miwani. Akafungua bakuli, akanusa, akaniuliza tangu lini mfuta meza akala mapaja mawili na kidari peke yake siku ya kazi. Nikamwambia ukweli, kwamba ni cha mdogo wangu anayepita, amepikiwa na mama. Kumpa abiria chakula cha kutoka nje ni kosa kubwa pale. Angeweza kuninyang'anya kitambulisho papo hapo. Akarudisha mfuniko, akasema haya, ni chakula chako wewe, mimi sijasikia kitu. Mtu baki, Chiriku. Hatujawahi hata kunywa chai pamoja.

Nilikuwa nimepanga vizuri. Ndege yako ilitua saa nne asubuhi, na kwa hizo dakika hamsini ungepita mbio mbele ya ukumbi wetu kwenda kupanda nyingine. Nikamwomba mwenzangu anishikie meza, nikasimama mlangoni, bakuli liko kwenye rafu ya chini ya toroli ya vyombo. Watu wakapita, wakapita. Sikukuona. Saa nne na nusu ikafika, ikapita. Nikajua nimekukosa, roho ikaniuma sana, nikarudi kwenye meza zangu.

Na wewe ulikuwa umekaa meza ya kumi na saba. Nadhani uliingilia mlango wa pili, ule wa upande wa vyoo.

Nilikutambua kwa goti. Ulikuwa unalitikisa chini ya meza, vile vile ulivyokuwa ukifanya utotoni mama akichelewa kupakua. Umenenepa, umependeza, shati safi, saa kubwa mkononi. Miaka tisa sijakuona kwa macho. Furaha iliyonipanda sijui nikuelezeje. Nilimsahau msimamizi, nikasahau na kuandikwa. Nikasukuma toroli mpaka kwako, nikajifanya naondoa vikombe vya meza ya jirani ili nisogee. Na jicho, kwa mazoea ya kazi tu, wala sikukusudia, likaanguka kwenye pasi yako iliyokuwa chini ya chupa ya maji. Kupanda ndege: saa tisa na dakika ishirini.

Ilikuwa saa tano kasoro. Nilisoma tena nikidhani nimekosea. Zaidi ya saa nne, Chiriku. Kutoka pale mpaka nje wanapopokelewa watu ni robo saa, ukikuta foleni. Kutoka nje mpaka jikoni kwa mama ni nusu saa. Pasipoti ya hapa unayo, hakuna wa kukuzuia kuingia kwenu.

Hata hapo nilikuwa tayari kukutetea. Nilisema moyoni, labda ratiba imebadilishwa, labda ndiyo kwanza anataka kupiga simu nyumbani. Na kweli simu ulikuwa nayo, umeiegemeza kwenye chupa, uso wa mwanamume mmoja umejaa kioo kizima, mwenzako wa kazi nadhani. Alikuwa anakuuliza utafanya nini saa zote hizo, si huko ndiko ulikozaliwa, huna ndugu ukawaone? Ukacheka. Ukamwambia, "Hapa? Hapa sina mtu." Kisha ukainua kiwiko ili nifute.

Nikafuta. Mkono wangu ulipita karibu na wako kiasi cha kuugusa. Ukasema "asante dada", kama anavyoambiwa dada yeyote, macho yako yako kwenye simu. Mkate wako wa nyama ulikuwa umeumwa mara tatu, chipsi zimepoa. Ukaisukuma trei upande wangu, nami nikaichukua nikaenda kumwaga. Bakuli la mama lilikuwa bado lina joto.

Utauliza kwa nini sikuvua barakoa. Nimejiuliza hilo kila siku tangu siku ile. Sikuogopa kuandikwa, nisikudanganye. Niliona haya. Wewe ndiye uliyelitamka lile neno, na mimi ndiye niliyeona haya kana kwamba nimekutwa mahali pasiponihusu. Hebu niambie, hiyo ni sawa kweli?

Ulikaa pale mpaka saa nane na nusu. Uliagiza kahawa mara mbili na kipande cha keki ambacho hukukimaliza. Vikombe vyote viwili niliviondoa mimi.

Zamu yangu iliisha saa tisa. Bakuli halikuweza kutoka limejaa. Kulimwaga jaani nilishindwa, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda tangu alfajiri kwa ajili yake. Kuwagawia wenzangu nikashindwa pia, wangeuliza vipi mdogo wako, si ulisema anapita? Basi nikasimama kwenye makabati ya wafanyakazi, nikala. Mapaja yote mawili, na kidari, na wali wote. Nilikuwa nalia na kutafuna kwa wakati mmoja, na kuku mwenyewe alikuwa mtamu, mama hajawahi kupika vile. Nilimchukia yule kuku kwa kuwa mtamu. Nilipotoka, Miwani aliangalia bakuli tupu akatabasamu, akaniambia mdogo wako alikuwa na njaa kweli.

Mama alikuwa kizingitini ananisubiri. Hakuuliza habari za kazi. Alipokea bakuli, akafungua, akalikuta halina kitu, akaniangalia usoni. Kamaliza? Nikasema kamaliza. Mbele yako? Mbele yangu. Akataka kujua ulisemaje, na hapo ulimi wangu ukapata wazimu. Nikamwambia umesema hujala kitu kitamu kama kile tangu uondoke, umelamba na vidole, na kwamba ulikuwa na haraka mno ndiyo maana hukupiga simu.

Laiti ungemwona. Alimsimulia jirani yetu fundi cherehani, akamsimulia muuza mkaa, akamsimulia na nesi aliyekuja kumpima presha. Wiki mbili nzima hakulalamikia mguu. Alikuwa anaimba jikoni. Nikaona basi, uongo umefanya kazi ambayo vidonge vimeshindwa, Mungu atanisamehe.

Kisha, mwisho wa Julai, ukapiga. Mama akakuuliza swali la mama yeyote: chumvi haikuzidi? Ungesema tu haikuzidi, Chiriku. Neno moja. Lakini uliposikia habari ya chakula ulishtuka, ukadhani umenaswa. Ukamwambia siku ile hukupita huku kabisa, walikubadilishia njia dakika za mwisho, chakula chake hujakiona wala mimi hujaniona. Ukaapa na jina la marehemu baba.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi. Mama aliweka simu chini taratibu. Akaniita kwa jina langu kamili, si Dada kama mnavyoniita wote. Akaniuliza jambo moja tu, kama nilikula mimi.

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza ni kwamba mwanawe wa mwisho, aliyemnyonyesha mpaka wenzake wakamcheka, alikaa mwendo wa nusu saa kutoka jikoni kwake, ana saa za kuchezea, anakunywa kahawa na kumwambia mtu kwamba hapa hana mtu. La pili lilikuwa fupi. Nikamwambia ndiyo mama, nilikula mimi. Na kweli nilikula.

Hakunitukana. Bora angenitukana, ningejua imepita. Anachofanya ni kunipakulia. Nikirudi kazini nakuta sahani imejaa mpaka pomoni, ya kumshinda mwanamume aliyelima kutwa. Ananisogezea, anasema kula ushibe mwanangu, usije ukatamani cha wenzio. Anasema kwa upole kabisa, kisha anakaa ananitazama mpaka nimalize. Na yeye ninachopika mimi hali. Anasema kinamletea kiungulia. Anajikongoja mpaka kwa fundi cherehani anakula huko, na miguu ile. Tangu baba afariki ni mimi ninayempikia siku zangu za mapumziko, na kiungulia hakijawahi kumpata mpaka mwaka huu.

Fundi cherehani anashona kila kitu isipokuwa mdomo wake. Sasa mtaa mzima unajua kuna mtu mzima alikula kuku wa mdogo wake. Dukani wananitania, nikinunua mayai wananiuliza kama yatafika nyumbani. Nacheka nao. Nifanyeje? Nina miaka arobaini na saba. Nimekubeba mgongoni ukiwa na surua, nikakosa mtihani wa darasa la saba kwa ajili hiyo, na sikuwahi kukusimanga nalo mpaka leo. Leo nakusimanga.

Uchungu wangu si kuitwa mlafi. Nina uchungu kwa sababu mama ananiangalia kama mgeni aliyeshika kitu chake. Nakaa naye chumba kimoja, namkanda miguu jioni, na miguu yenyewe anaikaza nikiigusa. Wewe uliyeko mbali picha yako iko ukutani, anaifuta vumbi kila asubuhi. Sikuonei wivu picha. Lakini kuna siku nimetamani kuigeuza itazame ukuta.

Sasa lile lililonifanya niandike. Umemwambia mama unapita tena, Ijumaa tarehe mbili Oktoba, nusu saa tu, eti. Nimeangalia ubao wa ratiba kazini. Unatua saa tatu asubuhi, unaondoka saa tisa na nusu. Safari hii mama hanipi mimi chakula. Anakuja nacho mwenyewe. Fundi cherehani amekuja kuninong'oneza, wameshapanga na mtu wa gari. Atasimama pale nje kwenye vyuma wanaposubiri wapokeaji, na bakuli lake, mpaka utoke. Anasema hata ukiwa na nusu saa, atakupigia simu ukishatua akwambie yuko mlangoni, na utakimbia kuja kumsalimu. Hataki uambiwe mapema, anataka akushtukize.

Pale kwenye vyuma hakuna pa kukaa. Viti viko kule ukutani, na aliyekaa kule haoni wanaotoka. Mama hatakubali asione. Atasimama.

Kwa hiyo nisikilize. Ukishuka, usifuate mishale ya njano ya wanaobadilisha ndege. Fuata ya kijani, teremka ngazi, pita dirisha la pasipoti la wenyeji, saa hizo halina foleni. Uwe na begi la mkononi tu, usije ukasimama kusubiri mizigo. Mlango wa kioo unafunguka wenyewe. Mama atakuwa mkono wa kushoto, atakuwa amevaa lile gauni la zambarau ulilomtumia, ambalo halivai ovyo. Mwamkie, mkumbatie, kisha kaa naye kwenye vile viti ule. Ule chote, hata kama kule ndegeni wamekulisha mpaka kooni. Chumvi ikizidi, haikuzidi.

Kuhusu mimi usimwambie kitu. Nimelala na neno hili siku nyingi kabla ya kuliandika. Mwanzoni nilitaka ukiri, unisafishe pale pale mbele ya fundi cherehani na mdomo wake, habari ifike mpaka dukani. Nimebadili mawazo. Ni mtu mzima na presha yake inapanda. Acha niwe mlafi. Akishakuona unatafuna mbele ya macho yake, huenda hasira itamtoka yenyewe, na isipomtoka nitaishi nayo, mradi yeye awe na wewe.

Lakini usipotoka, hilo ni lingine. Nimeomba ruhusa siku hiyo na msimamizi amenikubalia. Sitakuwa kwenye meza zangu, kwa hiyo usinitafute wala usijifiche. Nitakuwa nje, hatua mbili nyuma ya mama. Hataki niwepo, lakini nitakuwepo, akiishiwa nguvu nataka adakwe na mtu wa kwake. Nitasubiri naye mpaka saa tisa na nusu, mpaka ndege yako ipite juu ya paa na sote tuisikie. Kisha nitamshika mkono, nitampeleka kwenye viti, nitafungua bakuli tule, mimi na yeye, na tukiwa tunakula nitamsimulia kuhusu meza ya kumi na saba. Sitabakisha neno. Na siku utakayopiga simu ya mama kumwambia walikubadilishia njia, nitaipokea mimi.

Nisalimie sana wifi yangu, yeye hana kosa. Mbusu mwanenu kwa niaba ya shangazi yake. Shangazi yetu wa meno mapya anakusalimu, na fundi cherehani pia, anataka vipimo vya mtoto amshonee kitu. Salamu za mama sikuchukua kwa sababu hajui kama naandika. Za kwake atakupa mwenyewe, ukitaka kuzipokea.

Mungu akulinde angani na ardhini, akutulize roho, na akufungue macho mapema kuliko alivyonifungua mimi.

Wako akupendaye, hata leo ambapo nimejaribu nisikupende nikashindwa,

Dada.